Kipimo cha Nne

Mjomba Hashimu alikuwa ameketi juu ya gunia karibu na kivuko cha Kilambo, miguu imevimba na ngozi ya nyayo imekunjamana kama muhogo uliolowekwa. Maji yalikuwa yameanza kurudi mtoni. Mashamba ya mpunga kule bondeni yalikuwa tope tupu, na watu walipita na magodoro yao kichwani bila kusemezana.

Mwanahamisi alishuka polepole kwenye gari la ofisi, mkono mmoja kiunoni. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Na hali hiyo umekuja mpaka huku?”

“Nimekuja kukuona.”

Mzee akatoa simu kwenye mfuko wa shati, akaipangusa, akamwonyesha. “Ujumbe wenu ulifika,” alisema. “Ulifika nikiwa tayari juu ya dungu. Nikausoma huko huko juu. Unasema maji yanakuja, ondokeni bondeni.”

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira, Mwanahamisi angejua la kujibu.

Mjomba alilikwea dungu lile, kibanda cha juu ya miti wanamokaa kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe, pale maji yalipomkuta alfajiri. Alikaa humo mchana kutwa na usiku kucha, mvua ikimpiga, nguzo zikitikisika. Kiboko alipita chini yake mara moja, akajikuna kwenye nguzo, akaenda zake. Kesho yake ndipo vijana wenye mtumbwi walipomfuata. Mpunga ambao ulikuwa umeanza kutoa masuke haukuonekana tena.

Mwanahamisi alilelewa na mzee huyu tangu baba yake alipofariki. Sasa alikuwa mwandishi wa programu katika shirika dogo pale Rahaleo, mjini Mtwara, na kazi ya shirika hilo ilikuwa moja tu: kusoma vipimo vya maji vilivyofungwa kwenye mto Ruvuma, na mto unapotaka kufurika, kuwatumia ujumbe wakulima wa mabondeni wahame mapema. Ni yeye aliyeiandikisha namba ya mjomba. Mjomba naye aliwatangazia majirani kwamba mpwa wake anaongea na mto.

“Utakula nini mjomba?” aliuliza.

“Muhogo upo kule juu. Usijisumbue.” Akakohoa. “Hiyo mashine yenu ililala?”

“Haikulala. Ilikuwa inasubiri.”

“Inasubiri nini, na mto unakuja?”

Mwanahamisi alimweleza kadiri alivyoweza, lakini aliona macho ya mzee yako kwenye tope. Akaacha.

Kilichotokea kilikuwa hivi. Mto ulikuwa na vipimo vitatu vya aina tofauti. Cha kwanza kilituma kina cha maji kwa sentimita. Cha pili, kilichotengenezwa na kampuni nyingine, kilituma kwa milimita. Cha tatu kilifungwa chini ya daraja, na chenyewe hakikupima kina. Kilipima nafasi iliyopo kati ya daraja na uso wa maji, kwa hiyo mto ukipanda namba zake zinashuka. Tumaini, aliyeiandika programu hiyo mwanzoni kabla ya kuhamia Dodoma, aliandika faili la kipimo cha kwanza, akalinakili lote kwa ajili ya cha pili na kugusa hapa na pale, kisha akafanya hivyo hivyo kwa cha tatu. Nakala tatu za kazi ile ile.

Mwaka uliopita liligundulika kosa: mtandao ukikatika na usomaji mmoja usifike, programu ilikaa kuusubiri badala ya kuamua kwa ule uliokwisha kufika. Petro, mwenzake Mwanahamisi pale ofisini, alilirekebisha katika faili la kwanza na la pili. La tatu lilikuwa kwenye folda nyingine, hakuliona. Mvua ile ilipokata mtandao darajani, nakala ya tatu, ambayo ndiyo iliyoamua kwa ajili ya watu wa Kilambo, ikakaa inasubiri, na maji yakapita chini ya daraja bila kusubiri.

Kesho yake ofisini Doris alifunga mlango ndipo akazungumza. Doris alikuwa mwenyeji wa Bukoba, mkuu wa ofisi, na siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu. Tangu asubuhi alikuwa kwenye simu na wenyeviti wa vijiji.

“Hakufa mtu,” alisema. “Tumshukuru Mungu kwa hilo. Mwanahamisi, huo mstari umerekebishwa?”

“Umerekebishwa tangu asubuhi.”

“Basi tusonge mbele.”

“Dada Doris, nakala bado ni tatu. Mimi mwezi ujao naenda likizo ya uzazi. Likitokea kosa jingine, atakayerekebisha mbili na kusahau moja atakuwa Petro tena.”

Petro aliinamisha kichwa. Alikuwa kijana mpole kutoka Singida, na tangu alipojua kilichotokea hakuwa amekula vizuri.

“Sikulaumu,” Mwanahamisi alimwambia. “Hata mimi ningeisahau.”

“Unataka nini hasa?” Doris aliuliza.

“Niiandike upya sehemu ya maamuzi. Iwe moja.”

“Mvua zinanyesha bado. Unabomoa nyumba na watu wako ndani?”

“Nitaijenga pembeni. Ya zamani itaendelea mpaka mpya iwe tayari.”

Doris alimtazama tumboni, akatazama miguu yake iliyojaa mpaka viatu vikawa havifungiki. “Utaweza?”

“Sijui,” alisema Mwanahamisi. “Lakini nikiacha hivi hivi sitalala.”

Programu yenyewe iliandikwa kwa OCaml, lugha ambayo kila kitu ndani yake kina aina yake, na kompaila, yaani ile programu inayoukagua msimbo kabla haujaanza kufanya kazi, haikubali aina moja ikae mahali pa nyingine. Tumaini aliichagua kwa sababu ya ukali huo. Kisha, kwa haraka ya kazi, akanakili mafaili kwa namna ambayo ukali huo haukusaidia kitu.

Mwanahamisi alimweka Petro karibu yake na kumweleza alichotaka kufanya, kwa kuwa ndiye atakayebaki nayo.

“Kitendakazi, ile fanksheni, huwa unaipa nini ifanyie kazi?”

“Namba,” alisema Petro. “Neno. Orodha ya namba.”

“Hii nitaipa moduli nzima.”

Petro alikunja uso. “Dada Mwana, mimi moduli nazijua kama kabati. Unapangia msimbo wako, usichanganyikane.”

“Ni kabati kweli. Lakini hapa kabati lenyewe unaweza kumkabidhi mtu mkononi, kama unavyomkabidhi namba.” Alivuta karatasi ya kufungia vitumbua akachora juu yake. “Kila kipimo kitakuwa na moduli yake. Ndani yake mna vitu vitatu: aina ya usomaji wa kipimo hicho, njia ya kuugeuza usomaji huo uwe mita za kina, na la kufanya usomaji ukikosekana. Basi. Kitendakazi cha tahadhari hakitajua hiki ni cha sentimita au ni kile cha darajani. Kitasema, nileteeni moduli yoyote yenye hivi vitatu, mimi nitaamua kama watu wahame.”

“Na ikija yenye viwili?”

“Hapo ndipo ninapopataka. Hivyo vitatu vimeandikwa kama mkataba. Moduli isiyotimiza mkataba, kompaila inagoma. Programu haipatikani kabisa. Hutaweza kusahau hata ukitaka.”

Petro aliutazama mchoro wenye madoa ya mafuta. “Ingekuwa hivi mwaka jana,” alisema.

“Ingekuwa hivi mwaka jana, ndiyo.”

Haikwenda kirahisi. Mwanahamisi aliandika mkataba, akaandika moduli ya kipimo cha kwanza, akaandika kitendakazi, na kompaila ikamkatalia. Ilisema aina ya usomaji inataka kutoroka nje ya eneo lake. Alijaribu njia nyingine, ikasema hivyo hivyo. Umeme ukakatika, betri ya laptopu ikaisha, akakaa kwenye kiti cha plastiki barazani akijipepea kwa faili, mtoto akimpiga teke chini ya mbavu. Mumewe Mustafa, aliyetoka zamu bandarini, alimpitia akamkuta amefumba macho.

“Twende nyumbani,” Mustafa alisema.

“Umeme ukirudi.”

“Mwana, hata mto unapumzika kiangazi.”

Hakucheka, ingawa alijua mumewe alitaka acheke.

Shida alikuja kuielewa kesho yake, akiwa anakunywa uji. Aina ya usomaji ilikuwa imefungwa ndani ya moduli. Kitendakazi kilitaka kupokea moduli, na pamoja nayo usomaji uliotoka kwenye kipimo hicho hicho. Kompaila haikukubali aina iliyofunguliwa mle ndani ya kitendakazi itajwe huku nje. Ilibidi aina hiyo ipewe jina kwanza, kabla ya moduli kuingia, kisha moduli iseme wazi kwamba aina yake ndiyo ile iliyokwisha tajwa. Nusu mstari wa maandishi. Kwa nusu mstari huo alipoteza siku nzima.

Lakini alipouandika, mambo yakanyooka. Petro alijaribu makusudi kukipa kitendakazi moduli ya daraja pamoja na usomaji wa kipimo cha milimita, na kompaila ikakataa. Akaiondoa sehemu inayosema la kufanya usomaji ukikosekana, ikakataa tena na kumtajia kinachopungua. Kwa mara ya kwanza tangu mafuriko yale Petro alitabasamu.

“Ina gubu,” alisema.

“Iache iwe na gubu,” alisema Mwanahamisi.

Ikabaki hatua ya mwisho. Sehemu inayotuma ujumbe kwa watu nayo aliibadilisha aina, ili isipokee uamuzi wowote ila ule uliotoka kwenye kitendakazi kipya. Alitarajia kompaila ilalamikie yale mafaili matatu ya zamani, ayafute, amalize. Ililalamikia manne.

La nne liliitwa “mdomo”. Hakuna aliyelijua. Mwanahamisi alilifungua akasoma, na kadiri alivyosoma mgongo ulizidi kumuuma. Lilikuwa nakala nyingine tena. Lilisoma kipimo kilichofungwa kwenye nguzo katikati ya mikoko, kule mdomoni mwa Ruvuma, mto unapoingia baharini. Lilipima kujaa na kupwa kwa maji ya bahari, na kuangalia kama bamvua, yale maji makubwa ya bahari, linakuja wakati mto nao umepanda. Kwa sababu hapo bahari huuzuia mto kutoka, na maji hurudi nyuma kuingia mabondeni. Faili hilo lilikuwa likifanya kazi siku zote. Lilikuwa likituma tahadhari. Lilizituma kwa namba moja tu ya simu.

Aliitambua namba. Akampigia.

“Mwanahamisi!” Tumaini alichangamka huko Dodoma. “Habari za kusini?”

“Salama, kaka. Naomba nikuulize. Faili la mdomo ni la nini?”

“Lile hamkulizima?”

“Hatukulizima. Linakutumia wewe.”

“Nilikuwa kwenye majaribio. Niliweka namba yangu kwanza nione kama linafanya vizuri, halafu nilitaka niende mwenyewe kule mikokoni nichukue namba za watu. Uhamisho ukanikuta kabla sijaenda.” Alivuta pumzi. “Zile meseji huwa napata, dada. Mpaka leo. Nilijua ni majaribio yamesahaulika tu, nikazizoea. Huwa nazifuta.”

“Ya mwisho ulipata lini?”

Alikuwa anakumbuka, na Mwanahamisi alimsikia anavyokumbuka.

“Nilikuwa natoka kazini,” alisema Tumaini taratibu. “Alasiri. Siku moja kabla ya mafuriko yenu.”

Siku moja kabla. Mwanahamisi aliwaza siku moja inavyotosha kwa mzee kukusanya vyombo vyake, kuita majirani, kupandisha mbuzi. Alitaka kukasirika, akaitafuta hasira ndani yake, hakuiona. Aliona tu jinsi alivyochoka.

“Kuna mtu alifariki?” Tumaini aliuliza.

“Hakuna.”

“Niambie la kufanya.”

“Hakuna la kufanya, kaka. Ila ukipata nyingine usiifute mpaka nikwambie.”

Doris aliposikia habari hiyo hakupiga kelele. Alichukua mkoba wake, akamwambia dereva wakatafute njia ya kwenda vijiji vya mdomoni, na akarudi jua linazama, amechoka na amejaa matope hadi magotini. Huko watu walimwuliza kwa nini wao hawakuwahi kutumiwa ujumbe kama wenzao wa Kilambo. Alisema aliwajibu ukweli, na kwamba ukweli ulikuwa mgumu kuusema mbele ya akina mama wenye watoto mgongoni. Namba zao alirudi nazo.

Mwanahamisi aliandika moduli ya nne kwa muda mfupi. Kitendakazi hakikuguswa. Moduli ilisema tu usomaji wangu ni wa aina hii, naugeuza hivi, ukikosekana nafanya hivi, na kompaila ikaikubali. Mafaili ya zamani yakafutwa yote.

Mvua kubwa zilirudi mwishoni mwa masika, kule juu mto unakotoka. Mtandao wa darajani ulikatika kama kawaida yake, na safari hii programu haikusubiri. Ujumbe ulitoka asubuhi, ukaenda Kilambo na ukaenda mikokoni, huku jua likiwaka na anga la Mtwara likiwa jeupe bila wingu.

Mwanahamisi alimpigia mjomba.

“Meseji umeipata?”

“Nimeipata. Nimeisoma. Nimekaa nayo hapa.”

“Umekaa wapi?”

“Shambani. Nilipanda upya, mpunga wa muda mfupi. Umetoka vizuri.” Sauti yake ilikuwa tulivu. “Mara ile ilikuja maji yameshafika. Leo imekuja jua linawaka. Sasa mimi nitaiamini ipi?”

Angeweza kumweleza habari za mkataba na moduli. Angeweza kumwambia kwamba vipimo vinne vimekubaliana. Alikuwa ameegemea ukuta, kiuno kinamkata, na maneno yote hayo aliyaona mazito kuyanyanyua.

“Mjomba, mimi nimechoka,” alisema. “Sina maelezo. Nenda juu barabarani kwa ajili yangu. Maji yasipokuja, njoo unitukane mpaka uridhike.”

Ndege walisikika nyuma ya mzee.

“Unalia?”

“Silii.”

“Basi acha kulia. Nakwenda.”

Maji yalifika kesho yake saa za mchana. Kule bondeni hakukuwa na mtu. Waliokuwa wabishi waliondoka walipomwona mzee Hashimu akipandisha vyungu vyake, kwa kuwa ndiye aliyekaa juu ya dungu safari iliyopita na hakuna aliyetaka kuyajaribu yale. Mikokoni nako walihama wote. Mpunga wa mjomba, ule wa pili, ulikwenda na maji kama wa kwanza.

Alimpigia Mwanahamisi jioni. “Mimi mmeniokoa,” alisema. “Mpunga hamkuuokoa.”

“Mpunga hatuna namna, mjomba.”

“Najua. Nakwambia tu.”

Uchungu ulimshika Mwanahamisi wiki iliyofuata, akajifungua mtoto wa kike. Doris alikuja hospitali na supu ya kuku kwenye chupa ya chai. Mjomba alikuja akiwa na fimbo, kikohozi bado hakijamwisha, akamwombea mtoto dua, akakaa kwenye benchi na kusinzia hapo hapo.

Siku chache baadaye, asubuhi, Mwanahamisi yuko kitandani nyumbani na mtoto ananyonya, Petro alipiga simu. Shirika lilikuwa limepata kipimo kipya cha kufungwa karibu na mpaka wa Newala, aina ambayo hawakuwa nayo, na alikuwa anaiandikia moduli yake peke yake.

“Samahani dada Mwana, najua umepumzika. Inanikatalia.”

“Inasemaje?”

“Maneno mengi.”

“Nisomee. Taratibu, mstari kwa mstari. Yote yamo humo.”

Petro akaanza kusoma. Alisoma jina la faili, akasoma mstari wenye kosa, akasoma kwamba mkataba unataka kitu fulani na moduli haina, kisha akasema “Aaa,” na Mwanahamisi akasikia vidole vyake vinagonga kibodi. Alitaka kumwuliza kama ameona. Mtoto alikuwa ameacha kunyonya, amelala mdomo wazi. Simu ikateleza kutoka sikioni hadi kwenye mto wa kitanda, na Petro akaendelea kusema peke yake kwamba amepata, imekubali, dada, imekubali, dada Mwana, upo?